"Sawa" Si Jibu

Haya wandugu, leo nimekuja na hasira kidogo, kwa hivyo nivumilieni.

Wiki iliyopita nilikaa siku nzima katika semina ya "kuboresha mawasiliano kazini". Mteja mmoja ndiye aliyeilipia, na sisi tunaomtengenezea mifumo tukaalikwa pia. Chai ilikuwa nzuri, mandazi yalikuwa moto. Kisha mwalimu akawasha projekta. Slaidi ya kwanza ilikuwa na duara lililokatwa vipande vitatu: maneno asilimia 7, sauti asilimia 38, uso na mwili asilimia 55. Akatuambia kwamba asilimia 93 ya mawasiliano haihusiani na maneno tunayosema. Ukumbi mzima ukaandika. Jamaa wa uhasibu aliyekaa kando yangu aliipigia hiyo 93 mstari mara mbili.

Nilitaka kuinua mkono nimwombe mwalimu airudie sentensi hiyo bila maneno, kwa mabega na nyusi tu. Sikuinua. Nilinyamaza kama wengine, na mwishoni alipouliza "Tuko pamoja?" nikajibu na kundi zima: "Sawa!"

Hiyo "sawa" ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nitaeleza kwa nini, na nitawaudhi watu wa pande mbili: wanaouza semina kama hizi, na wanaprogramu wenzangu wanaozicheka.

Tuanze na wauza semina.

Zile namba zina asili yake. Zilitoka kwa Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka wa 1967. Katika jaribio moja, watu walisikilizishwa neno moja moja lililorekodiwa kwa sauti za namna tofauti, nyingine ya upendo, nyingine ya chuki. Katika lingine, neno moja tu, lenye maana ya "labda", lilichezwa huku wasikilizaji wakionyeshwa picha za nyuso. Swali lilikuwa dogo: je, unadhani huyu anampenda anayezungumza naye au hampendi? Ilipotokea neno linasema hivi na sauti inasema vile, watu waliamini sauti na uso zaidi. Basi. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake inahusu hisia za kupenda na kutopenda tu, na kwamba mtu asipozungumzia hisia hizo, hesabu hiyo haina kazi.

Sasa niambie, ndugu msomaji. Ukinipigia simu kuniambia "usiwashe seva kabla fundi hajatoka", asilimia 55 ya ujumbe huo iko wapi? Iko usoni mwako nisikokuona? Mtu akikuandikia namba ya kulipia umeme, asilimia 38 ni sauti gani?

Sikatai kwamba sauti na uso vina uzito. Mama yangu akiniita kwa jina langu lote la ubatizo najua nimekosa kabla sijasikia kosa lenyewe. Ninachokataa ni kuwafundisha watu wazima kwamba mawasiliano ni namna ya kusimama, kutazamana machoni na kushikana mikono kwa nguvu, halafu jioni wanarudi ofisini kuandikiana "ile kitu ifanywe mapema" na hakuna anayejua kitu ni kipi wala mapema ni lini.

Kosa kubwa la semina hizi ni kwamba zinapima kitu kisichofaa. Zinapima jinsi ulivyoonekana ulipokuwa ukisema. Hazipimi kilichotokea baada ya kusema.

Sasa nigeuke kwa wenzangu, maana nawaona mnapiga makofi huko nyuma. Acheni.

Sisi wanaprogramu tuna wimbo wetu: "Mimi ni mtu wa kodi, si mtu wa maneno." Tunauimba kwa fahari, kana kwamba kutoeleweka ni cheti cha akili. Wengi wetu tulipitia kile kipindi cha lazima cha mwaka wa kwanza, Stadi za Mawasiliano, mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja. Tulichora mtumaji, njia, kelele na mpokeaji, tukakariri, tukafaulu, tukasahau. Wachache waliambiwa kwamba mchoro ule una mizizi katika uhandisi wa simu. Claude Shannon aliuchapisha mwaka wa 1948 akiwa Bell Labs, na mwanzoni kabisa mwa makala yake alisema wazi kwamba maana ya ujumbe haihusiki na tatizo la mhandisi. Shannon alitaka ishara zifike upande wa pili bila kuharibika. Kama aliyezipokea ataelewa au hataelewa, hilo aliliweka kando kwa makusudi.

Sisi tumeuchukua mchoro wa nyaya tukaufanya mchoro wa watu. Ujumbe ukishafika tunasema tumewasiliana. "Nilimtumia barua pepe." "Nilimwambia." "Tiki ni za buluu, ameona." Halafu mambo yanaharibika na tunashangaa.

Najua hili si kwa kusoma tu. Nina deni.

Miaka michache iliyopita nilitengeneza mfumo wa malipo kwa ushirika mmoja mdogo wa maziwa, huko kwenye milima yenye baridi. Kwa miaka mingi walikuwa wakiandika lita kwenye vitabu vya karatasi, na kila mkulima ana daftari lake la shule lenye rekodi yake. Karani wao, mama mmoja mtulivu sana, ndiye aliyenipa maelezo. Nilikaa naye saa moja hivi. Nilikuwa na haraka ya kuwahi matatu ya kurudi Nairobi.

Nikamuuliza, "Mama, wakulima wanalipwa kwa wiki au kwa mwezi?"

Akasema, "Kwa mwezi wetu, kijana wangu."

Nikasema, "Sawa." Nikaandika kwenye daftari langu: *malipo, mwezi*.

Angalia vizuri. Yeye alisema "mwezi wetu". Mimi niliandika "mwezi". Nilidondosha neno moja, tena neno lililobeba kila kitu. Mwezi wa ushirika ule ulikwisha tarehe 25, ili karani apate siku za kujumlisha kwa mkono kabla ya kulipa. Mfumo wangu ulianza tarehe 1 na kumaliza siku ya mwisho ya mwezi, kama kalenda ya ukutani.

Tulianza kutumia mfumo mwezi wa Septemba. Vitabu vya zamani vilikuwa vimefungwa tarehe 25 Agosti. Mfumo ukaanza kuhesabu tarehe 1 Septemba. Piga hesabu mwenyewe: kuanzia tarehe 26 hadi 31 Agosti, siku 6 za maziwa hazikuwa popote. Si kwenye vitabu, si kwenye kompyuta. Mkulima aliyekuwa akileta lita 14 kwa siku alipoteza lita 84. Kwa shilingi 45 kwa lita, hiyo ni shilingi 3,780. Kwako wewe unayesoma haya ukinywa kahawa huenda si kitu. Kule ni vyakula vya ng'ombe, ni sehemu ya karo, ni deni la duka la dawa za mifugo.

Na sikwambii kuhusu pesa pekee. Pesa zilipatikana baadaye, zikalipwa. Kibaya zaidi ni kwamba kompyuta haishukiwi. Kompyuta "haikosei". Watu walipopokea pungufu, macho yote yalimgeukia karani. Mama aliyeandika lita zao kwa uaminifu miaka na miaka, ikasemwa sokoni na baada ya ibada kwamba sasa ameletewa mashine ya kuficha wizi. Wiki nzima alivumilia hayo. Mimi nilikuwa Nairobi, simu yangu kimya, nikiamini kazi imekwenda vizuri kwa sababu hakuna aliyelalamika.

Mzee mmoja ndiye aliyeokoa jahazi. Alikwenda ofisini na daftari lake, akaweka kidole kwenye tarehe 26, akauliza maziwa haya yamelala wapi. Bila yule mzee na kalamu yake ya wino, hitilafu yangu ingekuwa bado imevaa sura ya mama wa watu.

Ukitaka kujifariji kwamba haya ni makosa ya vijana wanaokimbilia matatu, nakukumbusha chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter. Kilipotea Septemba 1999 kilipofika Mihiri. Programu ya upande mmoja ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, upande wa pili ukazisoma kama vipimo vya metriki. Tofauti yake ni zaidi ya mara 4. Wahandisi waliopeleka chombo hadi sayari nyingine walishindwa na swali la "namba hizi ni za kipimo gani?" Mwezi, na mwezi wetu.

Kwa nini hatuoni makosa haya tukiyafanya? Wahenga walisema nyani haoni kundule, na wanasayansi wameliweka hilo kwenye mizani. Mwaka wa 1990, Elizabeth Newton, aliyekuwa akifanya shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford, aliwapa watu kazi ya kugonga mezani mapigo ya nyimbo zinazojulikana na kila mtu. Wasikilizaji walitakiwa kutaja wimbo. Wagongaji walikisia kwamba karibu nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilizotambuliwa ni 3. Tatu!

Sababu yake ni rahisi. Anayegonga anausikia wimbo wote kichwani, ala na sauti za waimbaji. Anayesikiliza anasikia ngo ngo ngo. Jaribu leo jioni na mdogo wako, utaona anavyokutazama.

Hivyo ndivyo tunavyoandika barua pepe, maelezo ya hitilafu na hata ujumbe wa nyumbani. Tunagonga meza na kusikia muziki. Ndiyo maana ule mtihani wa "jipime stadi zako za mawasiliano", wenye maswali kama "je, wewe hueleza mambo kwa uwazi?", hauna thamani ya karatasi uliochapishwa. Kila mgongaji atajibu ndiyo. Huwezi kumuuliza nyani kuhusu kundule.

Sasa nitumie lugha ya ufundi wetu, na wewe usiye mwanaprogramu usitoroke, ni rahisi.

Kompyuta mbili zinapozungumza kwenye intaneti, mara nyingi hutumia itifaki ya TCP. Kompyuta A ikituma vipande vya data, kompyuta B hurudisha taarifa kwamba vimefika. Visipofika, A hutuma tena. Nzuri sana. Lakini kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosa: taarifa ile hutolewa na sehemu ya mfumo inayopokea data. Haimaanishi kwamba programu iliyotakiwa kutumia data hiyo imeisoma, imeielewa au imeihifadhi. B inaweza kukujibu "nimepokea" kisha ikazimika sekunde hiyo hiyo.

Jerome Saltzer, David Reed na David Clark waliandika makala maarufu kuhusu hili mwaka wa 1981. Hoja yao kwa ufupi: ukitaka kuwa na uhakika kwamba faili imefika salama, usitegemee uthibitisho wa njiani. Ncha ya mwisho ndiyo ikague faili iliyoandikwa kule na kulinganisha na ile iliyotumwa.

Unaona ninakokwenda? "Sawa" ni taarifa ya njiani. Tiki za buluu ni taarifa ya njiani. Kutikisa kichwa mkutanini, "nimekupata", kidole gumba kwenye WhatsApp, vyote vinasema kitu kimoja tu: sauti yako imefika masikioni mwangu. Havisemi kilichojengeka kichwani. Yule karani aliposikia "sawa" yangu, aliamini nimeelewa mwezi wake. Mimi niliamini hivyo hivyo. Taarifa zote za njiani zilikuwa kijani, na faili ilikuwa mbovu.

Watu wa ndege walijifunza hili kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Boeing 747 ya KLM iligongana na nyingine ya Pan Am kwenye barabara ya kurukia, katika ukungu. Walikufa watu 583. Rubani msaidizi wa KLM alitamka redioni maneno yaliyoweza kueleweka kuwa wako mahali pa kuruka, au kwamba tayari wanaruka. Mwongoza ndege akajibu kwa neno moja la kukubali, "oke", kisha akaongeza kwamba wasubiri. Sekunde hiyo hiyo Pan Am nao walisema redioni, sauti zikagongana, na maneno ya kusubiri hayakusikika vizuri kule KLM. Kilichosikika wazi ni ile "oke".

Na kuna la pili ambalo linaniuma zaidi. Ndani ya ndege ya KLM, mhandisi wa safari aliuliza kama kweli Pan Am wameshatoka barabarani. Nahodha, mtu mwenye jina kubwa katika kampuni, akamhakikishia kwamba ndiyo. Mhandisi hakuendelea kubisha.

Baada ya ajali ile, neno lenye maana ya kuruka lilihifadhiwa kwa ajili ya ruhusa yenyewe ya kuruka au kuifuta. Mahali pengine hutumika neno tofauti. Marubani hurudia maagizo muhimu kwa maneno yao kamili, na mwongoza ndege husikiliza kama yamerudiwa sawasawa. Na mafunzo ya wahudumu wa ndege yakaanza kusisitiza kwamba mdogo anaweza kumhoji mkubwa.

Hata hapa kwetu tunaujua utaratibu huu, ila tunautumia kwenye pesa tu. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007, na ujumbe wa kuthibitisha huenda kwa anayetuma na kwa anayepokea. Baadaye ikaongezwa hatua ya kukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijatoka, upate nafasi ya kusimamisha, kwa sababu watu walikuwa wakituma pesa kwa namba zisizo sahihi. Shilingi 200 zinastahili kuhakikishwa kwa jina. Maagizo ya kazi ya miezi mitatu yanafungwa na "sawa bosi".

Kiswahili chetu pia kina mitego yake, na tusijifanye haipo. Mwambie mtu "tukutane saa mbili". Anayehesabu Kiswahili atafika asubuhi, saa 8:00 kwenye saa ya simu. Kijana wa Nairobi anayefikiri kwa Kiingereza na kutafsiri juu kwa juu atafika mchana, saa 14:00. Kuna saa 6 katikati, na wote wawili walisema "sawa" bila uongo. "Wacha nione" mara nyingi ni hapana iliyovaa koti. "Niko karibu" ni mtu aliye bafuni. Na "nitajaribu" kutoka kwa mfanyakazi mdogo huenda maana yake ni "haiwezekani lakini siwezi kukwambia".

Hapo ndipo penye kidonda. "Sawa" nyingi za maofisini hazitokani na uvivu. Zinatokana na woga. Mwanafunzi wa mafunzo kazini akiuliza swali la pili anaitwa mzito. Akiuliza la tatu anaambiwa "kwani chuoni mlifundishwa nini?" Basi anajifunza. Anasema sawa, anarudi kwenye kiti chake, anapoteza siku mbili akikisia. Kisha bosi huyo huyo anampeleka semina akafundishwe kutazama watu machoni! Loh!

Nawaambia wakubwa wa kazi waziwazi: kama watu wako hawakuulizi maswali, usijisifu kwamba unaeleza vizuri. Huenda unaogopwa.

Naam, nimelalamika vya kutosha. Mtu akilalamika bila dawa ni mlevi wa baa. Basi jipime hivi, na huhitaji semina wala kutoa senti.

Chukua daftari, kwa siku 10 za kazi. Kila unapoagiza au kuagizwa jambo, liandike kwa mstari mmoja. Jambo likikamilika, andika mambo matatu. Je, lilitoka kama lilivyokusudiwa, au lilirudiwa? Je, upande wa pili uliuliza swali lolote kabla ya kuanza? Je, jibu lilikuwa "sawa" tupu, au walirudia kwa maneno yao watakachofanya?

Mimi nilifanya hivyo baada ya yale ya ushirika. Kazi zilizorudi zilikuwa 9. Kati ya hizo, 7 zilikuwa zimefungwa na "sawa" tupu, na nne kati ya hizo saba "sawa" ilikuwa yangu. Nilikuwa nimejiandaa kuwalaumu wateja.

Kipimo cha pili: kabla ya kutuma ujumbe mzito, mpe mwenzako asiyehusika ausome, kisha usimuulize "umeelewa?" Hilo ni swali bovu kuliko yote, jibu lake ni moja duniani kote. Muulize, "Ungekuwa wewe umepokea hii, ungefanya nini kwanza?" Atakachosema ndicho ulichoandika. Ulichokusudia hakina maana tena.

Cha tatu: habari mbaya hukufikia baada ya muda gani? Kitu kikiharibika chini yako, unaambiwa saa ile ile, au unasikia wiki moja baadaye sokoni? Yule karani hakunipigia simu wiki nzima. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hakutaka kusumbua "watu wa kompyuta". Hilo nilihesabu kama alama yangu, si yake.

Na kuboresha? Dawa ni moja: kurudia kwa mfano halisi. Usirudie maneno, maana hata kasuku hurudia. Mimi ningeweza kumrudishia karani "kwa mwezi, sivyo?" na angesema ndiyo, na hitilafu ingebaki. Chukua kisa kimoja, chenye tarehe na namba, mkipitie pamoja hadi mwisho. "Mkulima ameleta lita 10 tarehe 28. Analipwa lini?" Swali hilo moja lingeniokoa.

Najua pingamizi zenu. La kwanza: inachukua muda. Kweli, inachukua. Nilipopanda tena kule mlimani kurekebisha, mama karani na mimi tulipitia daftari la mkulima mmoja, siku kwa siku. Dakika 20. Na katika dakika hizo ikajitokeza hitilafu ya pili ambayo hakuna aliyekuwa ameigundua: maziwa ya jioni huandikwa kesho yake asubuhi, kwa hivyo tarehe ya kwenye rekodi si tarehe ya kukama. Kurekebisha mfumo, kulipa pungufu na kuzungumza na wakulima kulichukua wiki tatu. Wewe chagua.

La pili ni zito zaidi: ni utovu wa adabu. Utamwambiaje mzee, au bosi, arudie alichosema kama mtoto wa chekechea? Jibu ni kwamba humwambii yeye. Unajirudi wewe. "Mzee, nisaidie nihakikishe nimekushika vizuri. Nikianza kesho, nitafanya hivi na hivi, sivyo?" Uzito wote umeubeba wewe. Sijawahi kuona mzee aliyeudhiwa na kijana anayetaka kumwelewa sawasawa. Wanaoudhika ni wale ambao hawakujua walichokuwa wakiagiza, na hao ni vizuri kuwagundua mapema. Na ukiwa mkubwa wewe, tangulia: "Huenda sikueleza vizuri, niambie utaanzia wapi." Kuuliza si ujinga, tunafundishwa hivyo tangu shuleni. Tuache basi kuwaadhibu wanaouliza.

La tatu: wengine wanazaliwa na kipaji cha kusema. Ndiyo, na vizuri kwao. Yule mzee wa daftari hakuwa msemaji. Alikuwa na kigugumizi kidogo, na mkutanoni sijui kama angepata alama moja kwa vipimo vya yule mwalimu wa mandazi. Lakini aliweka kidole kwenye tarehe 26 na kuuliza swali moja lililojibika. Katika kisa kile chote, kati ya karani, mwenyekiti, wakulima na mimi niliyesomea kompyuta, yeye pekee ndiye aliyewasiliana.

Mama karani alisafishwa jina mbele ya mkutano wa wakulima. Nilisimama mimi mwenyewe nikasema kosa lilikuwa langu, na nikalieleza kwa mfano wa lita na tarehe. Nilipomaliza nikakaribia kuuliza, "Mmeelewa?" Nikajizuia. Nikamwomba mkulima mmoja wa nyuma atuambie kwa hesabu yake mwenyewe atapata kiasi gani mwezi huu.

Alikosea mara ya kwanza. Tukarudia. Mara ya pili akapata.

Haya, nawaachia hapo. Chukueni daftari, siku 10, kisha mniambie mmehesabu ngapi. Na tafadhali, asinijibu mtu "sawa". :-)